Jaji Mwalusanya na Shamba la Ukoo

Wengi wetu humdhania Jaji kuwa mtu wa mjini tu, wa joho na vitabu vizito, asiye na habari ya migomba yetu. Basi sikilizeni habari za Jaji James Mwalusanya.

Mwaka 1988 mama mmoja wa Buhaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Mpwa wake akashtaki. Desturi, kama Serikali ilivyoiandika mwaka 1963, ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Ya Wilaya ikampa mama haki yake. Mpwa akakata rufani Mahakama Kuu, Mwanza.

Mwaka 1990 Mwalusanya akaamua: Katiba imekwisha kukataza ubaguzi, kwa hiyo mwanamke aweza kuuza kama mwanamume, kwa masharti yale yale. Hayo masharti ndiyo yanipendezayo mimi, maana ukoo nao haukudhulumiwa. Mpwa alipewa miezi sita alikomboe shamba, mradi arudishe shilingi 300,000 zile zile. Ndivyo ilivyokuwa siku zote kaka alipouza.

Mwaka 1994, huko Dodoma, Jaji huyu alisema adhabu ya kifo yavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikamtengulia hukumu. Ile ya shamba mawakili wanaitaja hata leo.