MAJI YETU: NANI AMEYAPIMA, NA JIBU LIKO WAPI?

Tungependa kusema machache juu ya maji tunayokunywa. Hatusemi juu ya taabu ya kuyabeba. Hiyo kila mama wa Walungu anaijua kwa paji lake na kwa mgongo wake. Tunasema juu ya maji yenyewe, yakiisha kufika nyumbani. Ukiuliza kama ni mazuri, jibu ni lile lile: "Maji ya huku iko muzuri, babu zetu walikunywaka na hawakukufa." Tunawaheshimu wazee wetu sana. Lakini babu zetu walizika watoto wengi wadogo, na hakuna aliyeandika sababu.

Maji hayapimwi kwa macho. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Goma, wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu. Sisi sote tunalijua ziwa lile, jinsi linavyong'aa. Ndani ya mwezi mmoja tu watu karibu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Na kupima si uchawi. Mikrobe ya kila ugonjwa ni kazi kubwa kuitafuta moja moja, kwa hiyo wapimaji wanatafuta ile iitwayo E. coli, inayokaa matumboni mwa watu na wanyama. Ikionekana majini, maana yake mavi yamefika humo, na magonjwa yanaweza kufuata njia ile ile. Wanapitisha mililita 100 za maji katika karatasi yenye matundu madogo hata mikrobe hazipiti. Karatasi hiyo wanaiweka juu ya chakula cha mikrobe, wanaifungia katika joto la digri 44, na kesho yake wanahesabu madoa. Shirika la Afya la Dunia linataka lisionekane hata doa moja. Iko na chupa nyingine ya bei nafuu: unatia maji, unaiacha mahali pa joto siku moja au mbili, na yakigeuka meusi ujue kuna mashaka. Chupa hiyo haitaki umeme. Seksiyo yetu ya Biyoshimi ingeweza kuitumia tangu trimestri hii. (Wengine watasema sisi wa Biyoshimi tunajionyesha. Haidhuru.) Tena ni afadhali kupima huku huku, kwa sababu maji ya kupimwa yanatakiwa kukaa katika baridi na kufika labo ndani ya saa 6 hivi. Kutoka huku mpaka Bukavu ni kilometa zaidi ya 40, na barabara yetu wakati wa mvua mnaijua.

Sasa tunataka kulalamika kidogo. Mwaka uliopita wageni fulani walikuja na gari na chupa zao. Walichota, waliandika, walipiga picha, wakaenda. Jibu hatujaliona mpaka leo. Labda limelala ndani ya karatasi za ofisi fulani, lakini ofisi hainywi maji yale! Mama anayechota pale kila asubuhi ndiye angeambiwa wa kwanza. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema kupata maji ya kunywa ni haki. Kwa maoni yetu, kujua kilicho ndani ya maji hayo ni sehemu ya haki ile.

Pia tujifunze kuuliza: wamepima nini? Huko Bangladesh, tangu miaka ya 1970, vilichimbwa visima vya bomba kwa mamilioni ili watoto waache kunywa maji ya madimbwi. UNICEF ilisaidia, na nia ilikuwa njema kabisa. Maji yalitoka chini, ya baridi, masafi, na watu walifurahi. Wakati ule hakuna aliyepima arseniki, sumu inayotoka katika udongo wenyewe. Iligunduliwa mwaka 1993, na kumbe watu mamilioni walikuwa wameinywa miaka mingi, wengine wakitoka madoa ya ngozi, wengine kansa. Baadaye visima karibu milioni 5 vilipimwa kimoja kimoja. Kisima chenye sumu kilipakwa rangi nyekundu, kizuri kilipakwa kijani. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Sisi nasi tuna ya kwetu. Katika teritware yetu kuna dhahabu ya Mukungwe na kasiterite ya Nzibira. Wachimbaji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini wanatumia zebaki kushika punje za dhahabu, halafu wanaichoma. Zebaki haifi kwa kuchemshwa kama mikrobe. Inazama katika matope ya mto na kuingia katika samaki. Hatumsingizii mchimbaji yeyote. Wengine ni kaka zetu, na ndio wanaotulipia minerval. Tunaomba tu mito inayotoka upande wa machimbo ipimwe zebaki na madini mengine mazito, isiishie kwenye mikrobe.

Kisha kuna bidoni. Maji yanaweza kutoka kwenye mwamba bila doa hata moja, yakaingia katika bidoni iliyozibwa kwa majani au kwa gunzi la mahindi, yakamwagwa katika pipa la enterna, na humo watu 40 wanatumbukiza kopo moja pamoja na vidole. Basi ipimwe chemchemi, na bidoni ipimwe, na pipa letu lipimwe. Tunadhani pipa litatuaibisha kuliko chemchemi!

Wengine wanaogopa: kama maji yakikutwa mabaya, chemchemi itafungwa, na tutakunywa nini? Swali hili ni la kweli, tusilicheke. Lakini mara nyingi mikrobe ina mlango wake karibu: choo kilichochimbwa juu ya chemchemi bila kufikia hata mita 30, ng'ombe wanaokanyaga pale maji yanapotokea, fenzi iliyoanguka, mfereji uliojaa matope. Hayo ni mambo ya salongo ya Jumamosi mbili. Na wakati tunatengeneza, tutachemsha. Kuni ni ghali, tunajua; dawa na kitanda cha hospitali navyo si bure. Kwa zebaki ni neno lingine: hapo tutatafuta chemchemi nyingine kwa kunywa, na mto ubaki wa kufulia.

Kwa hiyo tunamwomba Bwana Prefe awaone wakubwa wa zone ya afya, maji ya shule na ya chemchemi wanayochota majirani zetu yapimwe mara mbili kwa mwaka: mara moja wakati wa kiangazi, na tena mvua zikisha kuanza, kwa kuwa mvua za kwanza ndizo zinazoteremsha uchafu wote wa mlimani. Na pale pale kwenye chemchemi isimamishwe mbao: tarehe, kitu kilichopimwa, hesabu iliyopatikana, kwa Kiswahili na kwa Mashi, na alama ya rangi kwa wasiosoma. Mbao tutazipasua sisi wenyewe katika atelye. Kinachokosekana ni kopo mbili za rangi, nyekundu na kijani.