Boti ya Pangaboi Barafuni: Kagua Tumbo Kabla ya Injini

Wiki hii tunagusa chombo ambacho wengi hukihusisha na vinamasi vya Florida: boti bapa yenye pangaboi kubwa nyuma, inayosukumwa kwa upepo. Asili yake si kwenye joto. Ya kwanza iliundwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1905, na kundi la Alexander Graham Bell.

Huko kaskazini ina kazi yake. Katika Ziwa Superior, jimbo la Wisconsin, vyombo vya namna hii vimekuwa vikivusha wanafunzi kati ya kisiwa cha Madeline na mji wa Bayfield, pale barafu inapoizuia feri lakini haijaweza kubeba gari.

Hasara huanzia kwenye bei. Mnunuzi huona boti iliyotumika Florida, bei nafuu, injini kubwa, akalipa. Boti hiyo ilijengwa iteleze juu ya majani na maji. Barafu hukwangua faibaglasi kama msasa. Kwa maoni yetu, anayekwenda kaskazini atafute bodi ya alumini nene, iliyofunikwa chini kwa mabamba ya plastiki ngumu yenye utelezi. Bamba likilika hubadilishwa, bodi inabaki. Muuzaji akikataa boti inyanyuliwe uone chini, mwache na boti yake.

Kuhusu injini, wapo wanaosifu ya ndege kwa wepesi wake, na wepesi si jambo dogo boti inapopanda kutoka majini kwenda juu ya barafu. Lakini sisi tunapendelea ya gari. Hutumia petroli ya kawaida, vipuri vyake si vya kuhangaikia, na maji yake ya moto hupasha kibanda cha abiria (usisahau dawa ya kuzuia kuganda). Kibanda kilichofungwa si anasa. Dereva aliyekufa ganzi vidole hawezi kuongoza chombo kisicho na breki. Aidha, maji yanayoruka huganda juu ya boti na kuongeza uzito, basi usinunue ile inayotosha mzigo wako barabara bila akiba.

Lililobaki ni mapato. Katika majira ya baridi ya 2023–24 barafu ya Maziwa Makuu ya Amerika ilikuwa haba mno, na feri zikiendelea kupita boti hii haina abiria. Mwenye mtaji mdogo asitoe arubuni kabla hajapata mkataba wa kulipwa kwa msimu, hata kama barafu haikuja.