Kamusi ya watu sita: kwa nini siichagui Git

Kikundi chetu cha wanafunzi sita kimeanza kukusanya msamiati wa Kiholoholo, lugha ya hapa hapa kwetu, ambayo Coupez aliichapishia sarufi mwaka 1955. Kinachotugawa si toni wala ngeli. Ni mfumo wa kutunza matoleo, yaani programu inayokumbuka kila badiliko, nani alilifanya na lini.

Wengi wanataka Git, kwa sababu dunia nzima inatumia Git. Sababu hiyo hainitoshi. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, nayo huunganisha maandishi mstari kwa mstari. Kwa waandishi wa programu hilo ni sawa kabisa. Lakini kidahizo kina shina, ngeli, toni, maana mbili tatu na mifano. Faili ya XML ikiunganishwa kwa mistari tu, alama moja ya kufungia ikapotea, kamusi nzima haifunguki.

Subversion naiweka kando haraka: historia yake inakaa kwenye seva moja. Mega zikiisha, huwezi kuingiza badiliko lolote katika historia hiyo.

Mimi napendekeza FieldWorks, programu ya bure ya SIL iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaisimu. Sehemu yake ya kutuma na kupokea inaendeshwa na Mercurial, mfumo uliozaliwa mwaka uleule wa 2005. Kila mashine inabeba historia nzima, kama ilivyo kwa Git, ila kuunganisha kunafuata kidahizo na maana zake. Tena flashi inatosha. Mtandao si lazima.

Faida kubwa naiona kwenye mgongano. Tuseme mimi nimeandika toni ya juu kwenye silabi ya pili, mwenzangu ya chini. Programu inabakiza umbo moja na kuacha taarifa kwamba tulitofautiana. Taarifa hiyo kwetu ni data! Huenda tuliwasikiliza wazee wawili wa vijiji viwili. Kwa faili za Word tunazotumiana sasa kwa WhatsApp, anayetuma mwisho ndiye mwenye haki, na matamshi ya mzee mmoja yanafutika bila mtu kujua.

Pingamizi lipo, na ni zito: FieldWorks haifanyi kazi kwenye simu, nasi sita tuna kompyuta mbili tu. Basi tuandike kwenye madaftari, Jumamosi tuingize kwa zamu, kila mmoja akiweka kwanza jina lake kwenye programu, la sivyo historia itadanganya. Siku tukitengeneza kamusi ya simu, msimbo wake uende kwenye Git, sitabisha.

Limebaki la kuamua kabla ya Jumamosi ya kwanza: nani atasoma taarifa za migongano? Waalimu watuambie wanavyoona. Mimi ningewapa watu wawili, mmoja wao awe amezungumza Kiholoholo tangu utotoni.