Matsangoni haina theluji, lakini madirisha ya darasani hufungwa

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, gumzo lilikuwa barakoa, maji ya kunawa na nafasi kati ya madawati. Hewa haikupewa uzito huo. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa George Magoha, alipotaja kusomesha chini ya miti, wengi waliona ni kukata tamaa, ilhali kwa upande wa hewa hakuna darasa lililoushinda mti. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kila sekunde. Chumba cha mita 8 kwa 7, kimo mita 3, kikiwa na watoto 60, kinatakiwa kibadilishe hewa yake yote kila dakika 5 hivi. Kwa hali ya hewa yetu, upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile unaiweza kazi hiyo bila umeme.

Ujerumani, katika baridi ya 2020, shule ziliagizwa zifungue madirisha kila baada ya dakika 20, na watoto wakasoma na makoti mwilini. Hapa Matsangoni, pwani ya Kilifi, kipupwe hakifiki huko. Sweta ya shule yatosha. Kinachotufungia madirisha ni mvua. Masika huja na kusi, na kusi huipiga mvua ubavuni hadi madaftari yanalowa. Mwanafunzi wa karibu anavuta kibao cha bati cha dirisha, chumba kinakuwa giza, mabati yanavuma, na pumzi za watoto wote zinabaki mle ndani. Kwa hiyo uamuzi wa hewa hufanywa na fundi siku ya kuezeka, mwalimu anaukuta umeshapita. Paa likitokeza mita moja na nusu nje ya ukuta, au darasa likipewa baraza pande zote mbili, dirisha hubaki wazi mvua ikinyesha. Ukuta mrefu ukielekezwa baharini, kusi na kaskazi zote zitaingia. Nyumba za makuti zimekuwa na upenu mpana siku zote. Sisemi turudi kwenye makuti, maana moto na ukarabati wake ni mzigo, bali upenu wake tuuchukue.

Wazazi husema upepo wa kipupwe huwatia watoto kikohozi, na hofu hiyo ni ya haki kwa mwenye mtoto mwenye pumu. Lakini virusi hutoka kwa mtu. Utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa kimatibabu ya Kenya, vijijini Kilifi, msimu wa 2009 na 2010, ulionyesha kuwa watoto wachanga walioambukizwa nyumbani RSV, kirusi cha njia ya hewa, walikipata zaidi kutoka kwa ndugu zao wakubwa, wengi wao wanafunzi. Hewa ya darasani, basi, inamhusu hata aliyelala mgongoni mwa mama. Kwa wanaofunga madirisha kwa kuhofia wizi, nondo za dirisha huzuia mwizi na kupitisha upepo. Kibao cha bati huvizuia vyote viwili. Gharama ipo: mabati na mbao za ziada. Lakini kila darasa jipya la NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na kila chekechea ya kaunti, huanza na mchoro na makadirio ya vifaa. Bodi ya shule idai upenu humo, kabla hela hazijatoka.