Hasara ya ATCL na Swali Tunalolikwepa

Ripoti ya CAG ilipoonesha kuwa hasara ya Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) imepanda kutoka shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23 hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24, tuligawanyika kama ilivyo ada yetu. Upande mmoja ulitaka kampuni ifungwe. Mwingine ukadai kuwa shirika la taifa halipimwi kwa faida. Nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zilikuwa zikigombania mstari wa mwisho wa taarifa ya faida na hasara, mstari ambao peke yake hauwezi kuamua ugomvi huo.

Tuchukue kampuni ya kufikirika. Safari moja ya ndege huingiza shilingi milioni 25. Mafuta, ada za kutua na huduma za abiria, yaani gharama ambazo zisingekuwepo kama ndege isingeruka, ni milioni 17. Milioni 8 zinazobaki ndizo wahasibu huziita mchango: fedha za kulipia bima, mishahara na ukodishaji, ambavyo hulipwa hata ndege ikilala. Kama hivyo hugharimu bilioni 4 kwa mwezi, kampuni inahitaji safari 500 ili isipate faida wala hasara. Injini zikiharibika na safari zikashuka hadi 350, hasara ni bilioni 1.2, ilhali kila safari iliyofanyika ilisaidia. Mgonjwa huyu anapaswa kuruka zaidi.

Sasa tushushe mapato ya safari yawe milioni 15. Kila ndege ikiruka hupoteza milioni 2. Safari 500 huzaa hasara ya bilioni 5; kampuni ingelala tu ingepoteza 4. Kuinunulia hii ndege mpya ni kumlisha sukari mgonjwa wa kisukari.

ATCL ni mgonjwa yupi? Kusimama kwa ndege zake kwa matatizo ya injini kunaashiria yule wa kwanza. Huenda ndivyo. Huenda pia njia moja ni mgonjwa wa kwanza na nyingine ni wa pili. Taarifa zinazochapishwa hazitujibu, kwa kuwa viwango vya kimataifa vya uhasibu huruhusu gharama zipangwe kwa aina yake au kwa kazi yake, wala haviagizi zile zinazobadilika zitenganishwe na zisizobadilika. Menejimenti yoyote inaweza kujificha humo bila kuvunja sheria. (Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili huzitenganisha ndani ya chumba cha mtihani, bila mshauri mwelekezi.)

Kwa hiyo, kabla Bunge halijapitisha fedha za ndege nyingine, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma iitake ATCL ilete mezani mchango wa kila njia, Mwanza kando, Mumbai kando. Nao wanaotaka kampuni ifungwe watueleze: wakiifuta njia yenye mchango, ile bima na ile mishahara italipwa na nani?