Mzee haponi kwa kulala tu: muuguzi apewe nafasi yake

Mzazi wako aliyeko Nuu, Kaunti ya Kitui, akipatwa na kiharusi au akivunjika paja, wewe uliye mjini huharakisha kutuma pesa. Unauliza amepewa dawa gani na atapigwa picha lini. Ni nadra kuuliza: Je, leo ameinuliwa kitandani? Nani amemwinua?

Kwa maoni yangu, matibabu ya mzee hayajakamilika mpaka arudishiwe uwezo wa kujihudumia. Na kazi hiyo imo mikononi mwa muuguzi kuliko mtu mwingine yeyote hospitalini. Daktari hupita na kwenda zake. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kama yupo, hukaa na mgonjwa muda mfupi. Wauguzi ndio wanaopokezana wodini mchana na usiku.

Wengi hudhani kulala ndiko kupona. Sivyo. Mwaka wa 2007 watafiti wa Marekani walieleza yaliyowapata watu wenye afya njema, umri wao kwa wastani miaka 67, waliokaa kitandani siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Ikiwa mzima hudhoofika hivyo, mgonjwa je?

Kwa hiyo muuguzi anapomgeuza mzee kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia, hayo ni matibabu. Anapomketisha wakati wa chakula, au kumshika mkono hadi chooni badala ya kumwachia mpira wa mkojo usiohitajika, hayo pia ni matibabu. Kabla ya kumnywesha uji mgonjwa wa kiharusi, yeye hupima kama anaweza kumeza, kwa maana chakula kikiingia njia ya hewa huleta nimonia.

Ushahidi upo. Huko New South Wales, Australia, vitengo 19 vya kiharusi vilihusika katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011. Katika baadhi yavyo wauguzi waliongozwa kuangalia mambo matatu: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi huko walikuwa asilimia 42; kwingineko asilimia 58. Mambo hayo matatu hayahitaji mitambo ya mamilioni. Yanahitaji muuguzi mwenye ujuzi na muda.

Muda ndio tatizo. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima hawezi kumtembeza kila mzee. Tangu mwaka wa 2013 hospitali nyingi za umma zimo chini ya kaunti. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na serikali. Basi bajeti ya kaunti inapojadiliwa, tusihesabu majengo tu. Tuulize wauguzi ni wangapi, na wangapi wamefunzwa kuwahudumia wazee.

Nawe msomaji una sehemu yako. Mzazi akilazwa Mwingi au Kitui mjini, mwombe muuguzi amfunze yule atakayemtunza nyumbani: jinsi ya kumwinua bila kuvuta mkono uliopooza, na mazoezi yapi yafanywe. Mweleze nyumba ilivyo: choo kiko mbali kiasi gani, ni cha kuchuchumaa au la, njia ina mteremko? Mazoezi ya wodini yamwandae kwa mambo hayo. Sehemu ya pesa unazotuma inunue mkongojo unaomfaa na kiti imara, na iweke mhimili wa kushikilia chooni.

Ukambani watu wanajua mwethya: kazi ikimzidi mmoja, wengi huishika. Kumrudisha mzee kwa miguu yake ni kazi ya namna hiyo, na muuguzi ndiye wa kutuonyesha pa kushika.