Mashini iko kwetu, fundi wake anatoka mbali

Ndugu vijana wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kolwezi,

Kila siku malori ya shaba yanapita kuelekea Kasumbalesa. Sisi tunayaangalia tu. Tulisoma umeme na elektroniki, tuko na diplome mkononi, kazi hatuna.

Wazazi wanatuuliza: enjenia wa otomatiki na fiabilite anafanya nini? Tuseme wazi. Kiwandani, pompe, moteri na mashini za kusaga mawe zinaongozwa na otomati, ni kusema kompyuta ndogo yenye kupokea habari za joto, za presha na za mwendo, kisha inafungua bomba ao inasimamisha moteri. Enjenia wa otomatiki njo anaandika programu yake. Mwenzake wa fiabilite anapima namna mashini inatetemeka, anachunguza mafuta yake, juu ajue kipande gani kitavunjika, akibadilishe mapema. Pompe moja ikisimama, kiwanda kizima kinaweza kusimama. Haiko uchawi. Ni kazi ya kujifunza.

Lakini tunajifunza wapi? Wengi wetu otomati tuliionea kwenye fotokopi. Delestaje ikija, hata kompyuta inazima. Kisha tangazo la kazi linaomba miaka 5 ya eksperiansi. Nani atatupatia mwaka wa kwanza?

Wengine wanasema kama otomatiki inaua kazi. Ni kweli, kazi ya mikono itapunguka. Njo maana ile yenye kubaki, ya kuongoza na kutunza mashini, tusiipoteze nayo.

Hatukatai wageni. Kuna wenye kujua kuliko sisi, na tunataka watufundishe. Tunakataa mgeni amalize kontra yake, arudi kwao, na nyuma yake hakuna mtoto wa inchi mwenye kuweza kuchukua nafasi. Shaba inayeyushwa Lubumbashi tangu 1911. Nyuma ya zaidi ya miaka 100, hiyo ni haya.

Sheria ya 8 Februari 2017 inapatia Wakongomani sutretansi. Ni vizuri, lakini jina la Mkongomani kwenye karatasi halitengenezi mashini. Waajiri wanalipa pia mchango INPP kwa ajili ya mafunzo. Basi tunaomba mambo matatu:

1. Kila kampuni ya mgodi ipokee wanastaji kila mwaka, kwa malipo, bila komisyoneri wa kudai pesa mlangoni.
2. Kila mtaalamu mgeni awe na kijana wa hapa pembeni yake, na tarehe ya kumwachia kazi iandikwe kwenye kontra.
3. INPP na fakilte zetu zipate otomati za kweli, na umeme wa kuziwasha.

Wewe mwenye diplome nyumbani, tuandikie fakilte yako na mwaka uliomaliza. Siku watasema vijana hawapatikani, tuwawekee orodha kwenye meza.